Mistari kumi na miwili kati yangu na baba mkwe

Jumapili, Walukuba, Jinja. Mvua ilianza alfajiri, ikaacha saa tatu hivi, na sasa jua limetoka kali mpaka mabati ya jirani yanatoa mvuke. Nina furaha ya kutaka kupiga vigelegele peke yangu, lakini mama amejipumzisha chumba cha pili, kwa hiyo ninaandika tu.

Shajara yangu, nimefaulu!

Ngoja nianze vizuri, maana wenzangu wa kazini wanasoma hapa na watasema bibi arusi amechanganyikiwa tena.

Ndoa yetu ina miezi minne. Mume wangu (bado nikiliandika neno hili natabasamu kama mjinga) anaitwa Twaha, ni fundi cherehani, na kibanda chake kiko Namakwekwe, Mbale. Mimi niko hapa Jinja kwa mama yangu kwa sababu ya kazi ya maktaba. Ijumaa moja anakuja yeye, Ijumaa inayofuata naenda mimi. Kazini wanaita ndoa yangu "ndoa ya Ijumaa". Alinishonea gauni lenye mfuko wa siri ndani, karibu na moyo, wa kuwekea simu, ili nisikie akipiga hata nikiwa katikati ya rafu za vitabu. Ninyi mnaocheka, mna mfuko kama huo? Hamna. Basi nyamazeni.

Mafunzo ya intaneti yalipoanza sikuyataka. Madam, mkuu wetu wa maktaba, alitutangazia kwamba kwa wiki tisa kila mfanyakazi atajifunza kifaa kimoja kipya kila wiki, chini ya mwalimu kutoka Kampala anayeitwa Ivan. Nikainua mkono.

"Madam, na umeme ukikatika?"

"Ukikatika utarudi, Zaituni. Keti."

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kufungua blogu, na ndiyo hii. Mkishuka mpaka chini kabisa mtaona nilichoandika siku ile: "Naitwa Zaituni. Nimeambiwa nifungue blogu. Nimefungua." Basi. Mwalimu Ivan akaacha maoni: "Mwanzo mzuri." Nilimwona mwongo.

Leo niseme ukweli ambao sikuusema darasani. Sikuwa na shida na umeme. Niliogopa. Mimi nimeishia sekondari. Niliingia maktaba nikiwa mfuta vumbi, na kazi nikajifunzia kwenye zile droo za kadi za orodha ya vitabu, kadi moja moja, mpaka mtu akiniuliza kitabu cha ufugaji wa kuku mkono wangu unaenda kwenye droo bila macho kusaidia. Kadi zile ndizo shule yangu. Nikaona kompyuta zinakuja, na nyuma yake watakuja watoto wa chuo kikuu, na mimi nitarudishiwa kitambaa changu cha vumbi.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa nyuma nimekunja mikono. Wiki ya pili picha, wiki ya tatu ramani, wiki ya nne sijui nini. Nilifanya kila kazi kama mtoto anayekunywa dawa.

Wiki ya tano Madam akatuambia kwamba maktaba ya Mbale inafungua chumba cha intaneti na inataka mtu mmoja kutoka kwetu wa kukisimamia. Sharti: awe amemaliza kazi zote tisa, bila kuruka hata moja.

Mbale! Shajara, ulisikia moyo wangu? Sikuwa naamini intaneti, lakini Namakwekwe naiamini. Siku ileile nikahama kiti, nikakaa mbele.

Tatizo likawa kazi ya tisa, ya mwisho. Mwalimu alituambia mapema, mwanzoni mwa wiki ya nane, kwamba kila mmoja amfundishe mtu asiye wa maktaba kutumia kifaa kimoja, na kazi ya mtu huyo ionekane kwa macho. Mimi nikamchagua baba mkwe.

Nieleze kwa nini. Baba yake Twaha alifanya kazi ujana wake wote kwenye stesheni ndogo ya reli upande wa Kenya. Kiswahili chake kimetoka huko, na tabia moja pia imetoka huko: kila asubuhi alipaswa kupima mvua iliyonyesha na kuiandika. Kazi ikaisha, akarudi nyumbani, lakini mkono haukuacha. Ana mkebe wake uani, ana rula yake, na ana madaftari ya mvua ya tangu Twaha hajazaliwa. Mchwa wameshaanza kuyala. Nikajiona mwerevu sana: nitamfundisha kuyaandika mahali ambapo mchwa hawafiki.

Nikaenda Mbale na kompyuta ndogo ya maktaba. Nikamkuta uani kwenye benchi lake, nikamwamkia, nikakaa pembeni yake na kumsogezea kompyuta mapajani.

Akasimama. Akazunguka nyuma ya nyumba akapotelea kwenye migomba, na hakuonekana tena siku nzima.

Mama mkwe alipiga makofi mara moja, akashika mdomo. Wifi yangu Sauda, dada mkubwa wa Twaha, ndiye aliyepata sauti.

"Wifi! Banange, jamani, umekaa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Benchi la nani?"

"La Baba."

"Sasa kwa nini usingekaa mapajani kabisa tujue moja?"

Mimi ni Mnubi. Kwetu mkaza mwana anamheshimu baba mkwe, anamwandalia chakula na kumpa kwa mikono miwili, lakini wanakaa chumba kimoja, wanatazama taarifa ya habari pamoja na kubishana. Kwao, kwa Wagisu, mkaza mwana hamgusi baba mkwe, hakalii kiti chake, hampi kitu mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, naye ndipo anakichukua. Twaha alikuwa ameniambia, "Usimsogelee sana Baba." Kila nikienda tulisalimiana kwa mbali tu, mimi nikafikiri mzee anapenda utulivu. Wanaume! Kitu kikubwa hivyo mtu anakisema kama anakuambia usisahau mwavuli.

Niliporudi Jinja nililia. Sikulilia kazi, nililia kwamba nimeingia kwenye nyumba ya watu ninaowapenda nikawavunjia kitu ambacho hata sikukiona.

Twaha akanipigia kunibembeleza, akasema tumtafute mtu mwingine, hata jirani. Lakini mimi nilikuwa nimekumbuka wiki ya saba. Wiki hiyo tulifundishwa ule ukurasa ambao watu wawili wanauandika kwa pamoja, kila mtu akiwa kwake, na kila mmoja anaona maneno ya mwenzake yakitokea. Niliuona kama mchezo tu. Sasa nikamwambia Twaha: mimi nitakuwa Jinja, Baba atakuwa Mbale, hakuna benchi. Muulize.

Akamuuliza huku simu iko wazi.

"Anauliza, huo ukurasa ni wa nani?"

"Wetu wote wawili."

Nikasikia mzee akinguruma kwa mbali.

"Anasema kitu cha wote wawili mnachokaa pamoja, hilo ni benchi."

Kumbe mama mkwe naye alikuwa palepale, na sauti yake ikaja kali kuliko zote: "We mzee, msikitini si mnaswali mbele na sisi nyuma? Na si sala moja? Mwambie huyo mtoto akae chini, wewe kaa juu, mwache nafasi!"

Kisha Twaha akacheka polepole kile kicheko chake ninachokipenda.

"Amekubali. Lakini nafasi ataipima mwenyewe."

Na aliipima. Alipofungua ukurasa kwenye simu kubwa ya Sauda, kitu cha kwanza alichotaka kujua ni jinsi ya kushuka mstari bila kuandika. Akashuka mara kumi na mbili. Mistari kumi na miwili mitupu. Juu yake ni kwake, chini yake ni kwangu.

Niwaambie jinsi ilivyokuwa siku ya kwanza. Niko kwenye meza yangu, mchana, wasomaji wachache. Kwenye kioo kuna kile kijiti kinachowaka na kuzima mahali mtu anapoandika. Kijiti chake kikatokea. Kikakaa. Kisha herufi moja. Nikashika pumzi. Herufi nyingine. Anaandika kwa kidole kimoja, na mimi niliyazoea maneno yaliyokwisha kuchapwa, sijawahi kuona neno likizaliwa.

"Salaam aleikum. Mvua leo hakuna."

Nikajibu kule chini kwangu: "Waaleikum salaam, Baba. Ukitaka kufuta herufi, bonyeza ule mshale ulio upande wa kulia."

"Nimeona."

Hivyo ndivyo alivyojibu kila somo. Nimeona. Jinsi ya kufuta, nimeona. Jinsi ya kuweka tarehe, nimeona. Siku mbili tatu akawa hanihitaji sana, ananakili tu mvua za zamani kutoka kwenye madaftari yake, mstari mmoja kwa kila siku, na mimi kila nikipata nafasi nachungulia. Mingi ni namba. Lakini hapa na pale amechomeka kitu. "Milimita sita. Maharage yametoka." "Hakuna. Mama Sauda mgonjwa." "Hakuna. Mama Sauda mgonjwa." "Milimita mbili. Mama Sauda amekula uji."

Na siku moja, nikiwa na muhuri wa tarehe mkononi na msomaji ananisubiri mbele yangu, nikasoma: "Milimita thelathini na moja. Twaha amezaliwa."

Msomaji yule aliniuliza kama nina mafua.

Mume wangu alizaliwa kwenye milimita thelathini na moja za mvua, na kuna mtu aliyetoka asubuhi ile, mtoto mchanga ndani, akaenda uani na rula yake kupima. Nani mwingine amepewa zawadi kama hiyo kwenye ndoa? Nilimpigia Twaha nikamwambia, na yeye hakujua. Miaka yote hiyo daftari limekaa kwenye kabati na hakujua.

Kuanzia hapo, sijui. Nadhani ndipo nilipoacha kubisha. Au karibu.

Kisha ikaja Jumatano iliyopita.

Mwalimu Ivan alikuwa akipita kwenye kazi za kila mtu kuzikagua kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho. Ni kijana mwenye roho nzuri na anapenda usafi. Akafungua ukurasa wetu, akaona pengo kubwa katikati, akalifuta. Akapandisha maneno yangu juu yakakaa vizuri moja kwa moja chini ya maneno ya baba mkwe, mstari kwa mstari. Hata rangi aliweka.

Mimi sikujua. Nilijua jioni, Twaha alipopiga, sauti yake ya chini.

"Mke wangu, umefanya nini? Baba amefungua amekukuta umekaa chini ya mkono wake. Simu ameirudisha kwa Sauda. Amesema basi."

Alhamisi mzee hakuandika. Mkebe wake ulikuwa na mvua, Sauda alimwona akipima, lakini aliandika kwenye daftari la karatasi.

Shajara, usiku wa Jumatano na Alhamisi nzima niliziona Ijumaa zangu mbele yangu, moja baada ya nyingine, mwaka mzima, miwili, mimi na mfuko wangu wa simu. Na zaidi ya hapo nilimwona mzee akisimama tena kutoka kwenye benchi. Mara ya pili, na mara hii bila kosa langu.

Ijumaa asubuhi sikusubiri. Nilimkuta mwalimu Ivan kwenye chumba cha kusomea, nikasahau kwamba pale ni mahali pa kunong'ona.

"Mwalimu, kwa nini umenikalisha mapajani mwa baba mkwe?"

Vichwa vyote vikainuka. Mzee mmoja anayesomaga magazeti pale kila siku aliliangusha gazeti lake.

"Nani? Mimi? Nyabo, bibi yangu, wapi?"

Nikamwonyesha. Akaangalia kioo, akaniangalia.

"Lakini hapa palikuwa patupu. Nilidhani ni uchafu, nikasafisha."

"Hapakuwa patupu. Hapo palikuwa na heshima."

Madam alikuwa amefika mlangoni. Yeye ni Msoga, na kwao pia mkwe ana mipaka yake, kwa hiyo alielewa kabla sijamaliza kueleza. Alimtazama Ivan kwa huruma. "Mwanangu," akamwambia, "wewe bado hujaoa."

Ivan aliona aibu kweli. Akavuta kiti, akasema ukurasa huu hausahau. Kila ulivyokuwa jana, juzi, wiki iliyopita, umejiwekea. Unachagua siku, unaurudisha. Alitaka kufanya yeye nikamzuia mkono. Nilitaka nifanye mimi. Nikatafuta Jumanne jioni, nikabonyeza, na nafasi yetu ikafunguka tena mbele ya macho yangu. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo. Nikahesabu mara ya pili. Kumi na miwili.

Ninaungama hapa: kadi zangu haziwezi hivyo. Nimewahi kuchana kadi kimakosa nikaiunganisha kwa gundi, na kovu lake liko hadi leo.

Nikaandika mahali pangu, chini: "Baba, mwalimu hakujua. Nimerudisha kila kitu kilivyokuwa. Nisamehe." Nikampigia Twaha aombe mzee afungue. Twaha akasema Baba anajiandaa kwenda kuswali Ijumaa, hasikii la mtu. Nikakaa.

Saa nane. Saa nane na nusu. Ivan alijifanya anapanga nyaya. Madam alipita mara tatu akitafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni kwake.

Saa tisa kasorobo kijiti kikawaka.

Kilikaa juu kabisa muda mrefu. Kisha kikashuka, mstari, mstari, mstari, polepole. Alikuwa anahesabu! Kikafika mwisho wa nafasi, kikarudi juu mahali pake, na herufi zikaanza kuja.

"Nimeona. Kumbe mtu anaweza kurudisha jambo kama lilivyokuwa kabla. Na mimi ile siku ya benchi nimeirudisha. Mvua jana milimita nne."

Nililia mbele ya wasomaji wote na sijali. Ivan aliweka alama yake. Jana Jumamosi Madam akanikabidhi barua: mwanzo wa mwezi ujao ninaripoti Mbale, chumba cha intaneti. "Nenda kwa fundi wako," akasema, "na usinifundishie watu wa Mbale maringo." Akanikumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

Twaha wiki hii hakuja, kazi zilimzidi, kwa hiyo nikampigia simu kumwambia. Nilisikia tu cherehani ikisimama. Kisha nikasikia kelele za Namakwekwe, boda, watu, mtu anauliza suruali yake iko tayari, na yeye hamjibu. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena."

Nilirudia mara tano. Ningerudia mpaka leo.

Lakini nisikudanganye, shajara. Leo asubuhi nimekumbuka jambo. Chumba chetu huko Mbale kiko nyuma ya nyumba yao, tumepakana ukuta. Nitamwona Baba kila siku. Na kumwona kila siku maana yake ni kupiga magoti kwa mbali, salamu mbili, macho chini, na kuondoka. Hatutaongea. Katika miezi minne ya ndoa nimemjua mzee huyu kwa sababu tu nilikuwa mbali naye. Hilo sikulifikiria hata siku moja nilipokuwa ninaomba kuhama. Nilimfikiria mwanawe tu.

Na yeye amelifikiria. Saa nne nilifungua ukurasa nikakuta ameshaandika mvua ya leo, na chini yake swali. Hajawahi kuniuliza swali lisilo la vitufe.

"Ukihamia hapa, nani atakuwa anaandika kutoka mbali?"

Nimelibeba swali hilo asubuhi yote. Nimefua nalo, nimepika nalo. Nilitaka kumuuliza Twaha nikaacha, hili halimhusu. Nilitaka kumuuliza mama, lakini mama atasema mbona mnajitaabisha, si mkae mwongee.

Sasa hivi, kabla ya kumaliza kuandika hapa, nimekwenda kule mahali pangu, chini, nikamjibu.

"Mimi, Baba. Nitakuwa nyuma ya ukuta. Ni mbali vya kutosha."

Nimeuacha ukurasa wazi. Dakika tatu. Nne.

Kijiti kinawaka. Anaandika.